Umeweka kadi mpya ya grafiki na sasa mashine inachelewa kuwaka? Anza hapa kabla hujapiga Windows upya

Kabla hujaita fundi aje kupiga Windows upya, nakuomba kitu kimoja tu, chukua simu yako fungua stopwochi. Mashine ikiwashwa inapita hatua mbili, ya kwanza ni ya BIOS (programu ya kwenye bodi inayoiamsha mashine kabla ya Windows), yani pale unapoona nembo ya waliotengeneza mashine au skrini nyeusi tu, ya pili ni ya Windows yenyewe, pale vidoti vinapoanza kuzunguka mpaka unafika desktopu. Ukishajua sekunde zinapotelea hatua ipi kazi imepungua nusu, ila ukiruka hapa utashinda wiki nzima unabadilisha draiva (programu inayoiwezesha Windows kuongea na kadi) kumbe shida iko kwenye kebo.

Windows nayo inakusaidia kuhesabu. Bonyeza Ctrl+Shift+Esc, nenda sehemu ya Startup, angalia juu upande wa kulia kuna maandishi Last BIOS time na namba ya sekunde pembeni. Hizo ndo sekunde BIOS ilizotumia kabla ya kuikabidhi mashine kwa Windows (kama mashine yako inabuti kwa mfumo wa zamani usio wa UEFI, ambayo ni BIOS ya kisasa, hutaiona hiyo namba, hapo rudi kwenye stopwochi). Ukikuta 10 au 15 hapo hamna neno, shida iko mbele. Ukikuta 40 au 60 basi usiguse kitu chochote kwenye Windows, utakuwa unaonea bure.

Alafu kuna jambo dogo lifanye kwanza kabla ya yote maana halina gharama. Kuanzia Windows 8 kuna kitu kinaitwa Fast Startup, ukizima mashine haizimi moja kwa moja, inahifadhi kiini cha Windows na draiva zilivyokuwa kwenye faili la hiberfil.sys ili safari ijayo iwake haraka. Sasa jana umezima ikiwa inatumia grafiki za kwenye prosesa, leo umechomeka kadi, mashine inaamka na kumbukumbu za jana inakuta mgeni sebuleni. Shikilia Shift alafu bonyeza Shut down, hapo inazima kweli kweli, iwashe upya uone. Kuristati nako kunaanza upya hivohivo, ndo maana utasikia mtu anasema nikiristati iko poa ila nikizima usiku asubuhi inajivuta. Ukisikia maneno hayo ujue mchawi ni Fast Startup, izime kabisa kwenye setingi za pawa.

Tuseme sasa namba ya BIOS ndo kubwa. Ingia BIOS, mashine nyingi ni F2 au Delete, na ukiwa humo tafuta vitu vitatu. Cha kwanza mpangilio wa kubuti, maana kama ulitoa betri au ulireseti BIOS wakati unafunga kadi, mpangilio unaweza kuwa umerudi wa kiwandani na mashine inaanza kutafuta Windows kwenye mtandao kabla ya diski, ukiona maneno kama Start PXE over IPv4 yanapita kwenye skrini basi umemkamata, pandisha SSD yako, yani diski yenye Windows, iwe ya kwanza na kubuti kwa mtandao uzime. Cha pili ni skrini ya kwanza, kama imeandikwa Auto iweke PCIe au PEG, yani sloti ya kadi, ili isihangaike kuchagua kati ya grafiki za ndani na kadi, na hakikisha kebo ya skrini umeichomeka kwenye kadi sio nyuma ya bodi. Cha tatu CSM. Hii ni sehemu inayofanya bodi mpya ijifanye ya zamani, kadi za miaka ya karibuni zina programu ya UEFI ndani yake kwahiyo hazihitaji CSM, ukiizima mara nyingi BIOS inakuwa nyepesi.

Lakini sikiliza vizuri hapo kwenye CSM, usiizime kwa pupa! Kama diski yako imegawanywa kwa mfumo wa zamani unaoitwa MBR, ukizima CSM Windows haiwaki. Fungua Command Prompt kama admini uandike

mbr2gpt /validate /allowFullOS

ikikubali, weka nakala ya mafaili yako kwenye diski nyingine kwanza, ndo uandike hiyohiyo ila badala ya validate weka convert, alafu ndo urudi kuzima CSM. Hii iko ndani ya Windows 10 kuanzia toleo la 1703. Na kama umewasha BitLocker, ile inayofunga diski kwa siri, tafuta ufunguo wako wa kurejesha uuandike pembeni kabla hujagusa lolote BIOS, nimeona mtu analia kwa hilo na hakukuwa na namna ya kumsaidia.

Kwa wenye kadi za NVIDIA za kizazi cha Maxwell na Pascal, yani kama GTX 900 na GTX 1000, wanaotumia kebo ya DisplayPort, kuna shida inajulikana ya skrini kuwa nyeusi mpaka Windows iingie, ukidhani mashine imeganda. NVIDIA wenyewe walitoa apdeti ya kadi kwa ajili ya DisplayPort 1.3 na 1.4. Jaribu kwanza kuchomeka HDMI, ukiona nembo inatokea kawaida basi ndo hiyo.

Sasa tuje kwenye kisa kilichonifanya niandike haya yote. Mdogo wangu alikuwa na mashine ya ofisi iliyotumika, i5 ya kizazi cha 4, inawaka kwa sekunde kama 25. Akapata GTX 1650, tukaifunga pamoja sebuleni Jumamosi, gemu zikacheza vizuri sana, ila kuwaka ikawa karibu dakika mbili. Akaambiwa pawa saplai ndogo. Hii kauli inanikera kwa sababu inawalia watu hela bure, umeme ukipungua mashine inazima, inajiristati, au haitoi picha kabisa, haikai ikawaza dakika mbili alafu ikawaka fresh. Na GTX 1650 nyingi zinakula wati 75, ambazo ndo kiwango sloti yenyewe ya PCIe inaruhusiwa kutoa.

Nikaangalia BIOS time, 14. Kwahiyo BIOS msafi. Nikafungua Event Viewer, daftari la matukio la Windows, nikaingia Windows Logs, System, nikakuta maonyo yamepangana, namba 129 kutoka storahci (draiva ya Windows ya kuongea na diski), yote ya muda ule mashine inawaka. Hiyo 129 maana yake Windows imeiuliza diski kitu, diski kimya, ikasubiri weee mpaka ikachoka ikaireseti. Kila onyo moja ni sekunde zako zinaondoka. Nikaweka CrystalDiskInfo, programu ya kupima afya ya diski, mstari wa C7, unaohesabu makosa ya data kwenye kebo, ulikuwa 1F, ambayo kwa hesabu zetu ni 31 maana programu inaandika kwa heksadesimali, hesabu ya kumi na sita. Tukaristati, ikawa 24, yani 36.

Nikafungua mfuniko nikamulika na tochi ya simu. Kadi ina feni mbili, ni ndefu, mkia wake ulikuwa umelalia juu ya tundu za SATA, yani zinapochomekwa kebo za diski, na ile kebo nyekundu ya SSD ni ya zamani haina kile kibati cha kujifungia, imeinama upande kama jino linalotaka kutoka. Tulipokuwa tunasukuma kadi iingie kwenye sloti tuliivuta wenyewe bila kujua. Nikabadilisha kebo nikaweka yenye kibati na kichwa kilichopinda, nikaipitisha chini ya kadi, nikahamishia tundu jingine lisiloguswa na kadi. Sekunde 24. Ile namba ya C7 haishuki kamwe hata ukitengeneza, kwahiyo usiogope ukiiona bado ipo, cha muhimu ni isipande.

Kama diski yako iko salama na BIOS iko salama, ndo sasa twende kwenye draiva. Pakua kabisa draiva ya kadi mpya uiweke kwenye diski, pakua na Display Driver Uninstaller ambayo watu wanaiita DDU, alafu chomoa intaneti, usipochomoa Windows itakuwahi kuweka draiva yake. Ingia Safe Mode, yani Windows ikiwaka na vitu vya lazima tu, endesha DDU ifute draiva za zamani hasa kama ulikuwa na AMD ukahamia NVIDIA au kinyume chake, ristati, weka mpya. Baada ya hapo rudi kwenye Startup uzime vile viprogramu vya gemu na vya taa za rangi vinavyokuja na kadi, kadi inafanya kazi bila hivyo.

Ukiwa bado hujampata mhalifu, Event Viewer ina sehemu nyingine, Applications and Services Logs, Microsoft, Windows, Diagnostics-Performance, Operational. Namba 100 inakwambia kuwaka kumechukua muda gani, 101 inataja programu iliyochelewesha, 102 inataja draiva, 103 huduma. Inataja kwa jina.

Na kama kila ukirekebisha BIOS kesho yake imerudi ilivyokuwa, na saa ya mashine imerudi nyuma, hasa kwa sisi tunaozima swichi ya ukutani kila usiku, hiyo ni betri ndogo ya bodi imekufa. Inaitwa CR2032, volti 3, ipo kwenye maduka ya saa. Chomoa mashine ukutani, toa ya zamani, weka mpya maandishi yakitazama juu, alafu urudi BIOS kupanga upya setingi zako.