Namna ya Kukagua Kioo cha Kinywa Kabla ya Kukinunua, Hatua kwa Hatua

Mwongozo huu nimewaandikia maafisa wa meno wanaojinunulia vifaa wenyewe, hasa sisi tulio mbali na Kampala. Mimi nafanya kazi Arua, na kioo kikiniharibikia siku ya kliniki siwezi kuagiza kingine kikafika kabla foleni haijaisha. Kwa hiyo nimejizoeza kukagua kila kioo pale pale dukani, juu ya kaunta, kabla ya kutoa fedha. Ukaguzi wote huchukua kama dakika kumi, na vitu vinavyohitajika ni kijiti cha kuchokolea meno, karatasi ya grafu, tochi, mizani ndogo ya aina wanayotumia masonara, na bilauri ya maji ya moto.

Kabla ya kuanza, kumbuka kwamba kioo hiki kidogo kina kazi nne. Hutuonyesha sehemu ambazo jicho haliwezi kuzifikia moja kwa moja, huelekeza mwanga gizani, husogeza shavu na ulimi, na hupitisha mwanga nyuma ya meno ya mbele ili uozo uliofichika baina ya meno uonekane kama kivuli. Muuzaji atakusifia ile ya kwanza tu. Wewe kagua zote.

Hatua ya kwanza ni kutambua tabaka linaloakisi mwanga liko upande gani wa kioo. Gusa uso wa kioo kwa ncha ya kijiti, karibu na ukingo, huku ukitazama kwa mshazari. Ncha ya kijiti ikikutana na ncha ya taswira yake, tabaka liko mbele. Ikionekana nafasi kati ya ncha hizo mbili, tabaka liko nyuma, na mwanga hulazimika kupenya unene wa kioo ukienda na tena ukirudi. Usitumie sindano wala ncha ya chuma, kwa sababu tabaka la mbele halina kinga yoyote juu yake na mkwaruzo mmoja haufutiki.

Tofauti hii ndiyo kubwa kuliko zote, na mimi niliielewa kwa kuaibika. Miaka kadhaa iliyopita alinijia mzee mmoja kutoka upande wa Koboko akilalamikia gego la juu la nyuma. Katika kioo changu cha bei nafuu niliona mistari miwili sambamba juu ya jino, nikaamini kwamba jino lina nyufa mbili, nikaanza kumweleza kwamba huenda tukaling'oa. Mwenzangu aliponipa kioo chake, mstari ulikuwa mmoja, nao haukuwa ufa bali mfereji wa kawaida wa gego uliopakwa rangi na chai ya miaka mingi. "Daktari, basi jino langu limepona?" mzee aliniuliza, na sikuwa na la kumjibu ila kuomba radhi. Kilichotokea ni kwamba uso wa mbele wa glasi huakisi takriban asilimia 4 ya mwanga kabla haujafika kwenye tabaka la nyuma, na hivyo huzaliwa taswira pacha hafifu pembeni ya ile halisi. Kwa kuona shavu au ulimi taswira hiyo haina madhara. Kwa kutafuta ufa, au kufuata ukingo wa jino unalolijaza, inadanganya.

Vioo vyenye tabaka la mbele mara nyingi hupakwa metali iitwayo rodi, ambayo ni ngumu na haipati kutu. Hata hivyo, rodi huakisi mwanga mdogo kuliko fedha, kwa hiyo usishangae kioo cha bei nafuu kikionekana king'avu zaidi ukiviweka sambamba mbele ya karatasi nyeupe. Mng'ao na usahihi wa taswira ni mambo mawili tofauti. Ukilazimika kuchagua kimoja, chagua usahihi, kisha tafuta taa bora ya kichwani.

Hatua ya pili, tandaza karatasi ya grafu mezani na utazame mistari yake ndani ya kioo, ukikisogeza polepole kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Mistari iliyonyooka ibaki imenyooka. Ikipinda sehemu moja tu, glasi ina kasoro, rudisha. Ikipinda kwa ulinganifu na visanduku vikawa vikubwa, umeshika kioo mbonyeo, ambacho hukuza taswira. Wanafunzi wengi hukipenda, na duka hukiuza kana kwamba ni daraja la juu, lakini mimi simshauri mtu akitumie kwa kuchonga jino: ukikisogeza kidogo tu ukubwa wa taswira hubadilika, na mkono unapoteza kipimo cha umbali. Kwa uchunguzi wa haraka kinafaa.

Hatua ya tatu ni ukubwa wa kichwa, na hapa hakuna mengi. Namba 4 ina kipenyo cha takriban milimita 22 na namba 5 takriban milimita 24. Kwa watu wazima namba 5 inasogeza shavu vizuri zaidi. Kwa watoto na kwa kinywa kisichofunguka sana chukua namba ndogo.

Hatua ya nne ni mpini. Uweke kwenye mizani, kisha uushike kama unavyoshika kalamu, kwa dakika tatu kamili, bila kuongea na mtu. Mpini mwembamba hulazimisha vidole kubana, na anayehudumia wagonjwa ishirini kwa siku huyasikia maumivu hayo jioni katika kiganja na kiwiko. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, walichapisha mwaka 2006 matokeo ya kulinganisha mipini ya vifaa vya kuondolea ukoga mgumu, na katika ile waliyoijaribu, mpini wenye uzito wa gramu 15 na kipenyo cha milimita 10 ndio uliohitaji nguvu kidogo zaidi ya misuli. Kioo hakikwangui ukoga, ni kweli, lakini hukaa mkononi muda mrefu kuliko kifaa kingine chochote, kwa hiyo vipimo hivyo navitumia kama mwongozo. Angalia pia mikwaruzo iliyochongwa kwenye mpini ili usiteleze: ikiwa mirefu sana kwenda ndani, damu na mate vitajificha humo na brashi haitavifikia.

Hatua ya tano, fungua skrubu inayounganisha kichwa na mpini, uifunge tena, halafu utikise kioo kwa nguvu huku ukisikiliza. Mlio wowote ni sababu ya kukikataa, kwani kichwa kilichochomoka kinywani kinaweza kumezwa au, vibaya zaidi, kuvutwa kwenye njia ya hewa. Zipo aina mbili za kiungo, moja yenye shingo iliyonyooka na nyingine yenye umbo la pia, na kichwa cha aina moja hakikazi kwenye mpini wa aina nyingine hata kama kinaonekana kuingia. Nunua vichwa na mipini ya aina moja tu kwa kliniki nzima.

Hatua ya sita ndiyo wauzaji wasiyoipenda. Omba ruhusa, kisha tumbukiza kichwa katika maji ya moto na utazame ukingo ambapo glasi inakutana na pete ya chuma. Viputo vidogo vikitoka mfululizo mahali pamoja, ujue kuna upenyo. Mvuke wa otoklevu, yaani mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke wenye shinikizo, utaingia hapo kila siku, na baada ya muda madoa meusi yataanza pembeni na kutambaa kuelekea katikati. Dazeni moja niliyowahi kununua bila kuipima iliisha hivyo karibu yote.

Maji hayo ya moto yana faida ya pili. Kikaushe kioo kingali na joto na ukipulizie pumzi: kioo chenye joto la mwili hakishiki ukungu. Manuel García, mwalimu wa uimbaji aliyejitazama nyuzi zake za sauti mwaka 1854, alitumia kioo kidogo cha meno kilichopashwa joto kwa maji, huku kioo cha pili mkononi kikimrushia mwanga wa jua kooni. Kliniki za vijijini zisizo na umeme wa uhakika bado zinaweza kufanya kama yeye. Mkalishe mgonjwa akielekea dirisha, halafu ujaribu kioo chako kipya kwa kurusha doa la mwanga ukutani. Doa liwe na ukingo safi, lisiwe na mawimbi. Ile njia ya kujaza meno kwa vifaa vya mkono pekee, iliyoanzia Tanzania katikati ya miaka ya 1980, hutegemea sana ustadi huu.

Hatua ya saba ni matunzo. Tenganisha kichwa na mpini kabla ya kuosha, usiviweke pamoja na koleo wala vifaa vyenye ncha, na usitumie chuma cha kusugulia sufuria. Usiviache katika Jiki usiku kucha, maana klorini hula chuma na kuingia chini ya pete. Suuza, kausha kabisa kwa kitambaa laini, vifungashe, kisha weka katika otoklevu kwa nyuzi 121 kwa dakika 30. Kuchemsha katika sufuria hakutoshi, kwa kuwa mbegu za baadhi ya bakteria hustahimili maji yanayochemka. Maji ya kisima yenye chumvi huacha utando mweupe. Otoklevu ijazwe maji yaliyotoneshwa, yaani yaliyopatikana kwa kupoza mvuke.

Kila mwisho wa mwezi ninarudia kijiti na karatasi ya grafu kwa vioo vyote vya kliniki. Kilichochubuka katikati nakifunga utepe mwekundu kwenye mpini, na kuanzia hapo kinatumika kusogeza ulimi tu.