Somo: Kuandaa slaidi ya malaria, kuipaka Giemsa na kuhesabu vimelea

Slaidi inayosomwa vibaya mara nyingi iliharibika mezani, kabla haijafika kwenye hadubini. Rangi tunayotumia ni ileile aliyoitoa Gustav Giemsa kule Hamburg mwaka 1904, na bado inafanya kazi ambayo kipimo cha haraka hakiiwezi: kuonyesha vimelea ni vingapi. Sasa ambapo Rwanda, Uganda na huku kwetu Kagera vimepatikana vimelea vinavyochelewa kuisha damuni hata mgonjwa akinywa dawa mseto ipasavyo, hesabu ya kabla ya dawa na ile ya siku ya tatu zinahitajika kuliko zamani.

1. Kidole. Chagua kidole cha pete. Kwa mtoto mchanga tumia kisigino. Futa kwa spiriti ya asilimia 70, kisha subiri ikauke kabisa, kwa sababu spiriti ikichanganyika na damu inaiharibu. Choma pembeni mwa ncha ya kidole. Tone la kwanza lifute kwa pamba kavu.

2. Matone. Shika slaidi kwenye kingo zake tu. Weka tone dogo la mikrolita 2 kwa ajili ya utandazo mwembamba, na kubwa la mikrolita 6 kwa ajili ya tone nene. Tandaza lile dogo kwa ukingo wa slaidi nyingine iliyoinama nyuzi 45, kwa mkupuo mmoja. Lile kubwa lizungushe kwa kona ya slaidi hadi lipate kipenyo cha milimita 12 hivi. Kabla halijakauka, weka slaidi juu ya gazeti: herufi zinapaswa kusomeka kwa taabu kidogo. Zisiposomeka kabisa, tone ni nene mno na litabanduka. Andika namba ya mgonjwa na tarehe kwa penseli.

3. Kukausha. Laza slaidi sawasawa, mbali na jua na moto, na ifunike. Inzi na mende hula damu hiyo, ukirudi unakuta tone lina matundu. Joto nalo hugandisha chembe nyekundu zikabaki zimejaa kwenye tone nene, na msomaji haoni kitu.

4. Methanoli. Gusisha utandazo mwembamba tu. Tone nene lisiguswe hata na mvuke wake. Chembe nyekundu za tone nene zinatakiwa zipasuke ndani ya rangi, zibaki vimelea na chembe nyeupe. Methanoli ikilifikia hazipasuki tena, na slaidi hiyo haitengenezeki, chukua damu upya.

5. Rangi. Changanya mililita 3 za Giemsa na mililita 27 za maji ya bafa (maji yaliyotengenezwa yasibadilike kiwango cha uasidi) yenye pH 7.2. Paka dakika 10. Mchanganyiko utumike hapo hapo, uliobaki mwaga. Usiingize pipeti yenye maji kwenye chupa ya Giemsa halisi, maana matone machache yanatosha kuiharibu yote. Wakati wa kuosha, mimina maji taratibu hadi utando wa juu uelee na kutoka. Ukiinamisha slaidi kwanza, utando huo unalala juu ya damu. Kisha isimamishe ikauke.

6. Kusoma. Tumia lenzi ya 100 na mafuta yake. Usiandike "hakuna vimelea" kabla ya kupitia nyuga 100 (maeneo yanayoonekana kwenye lenzi kwa mara moja) za tone nene. Ukiviona, hesabu pamoja na chembe nyeupe hadi zifike 200. Vimelea vikiwa 99 au pungufu, endelea hadi chembe nyeupe 500. Zidisha vimelea kwa 8,000 (makadirio ya chembe nyeupe katika mikrolita moja ya damu), gawa kwa chembe nyeupe ulizohesabu. Mfano: 120 × 8,000 ÷ 200 = 4,800 kwa mikrolita.

Maswali ya wanachama

Mkuu, asante kwa somo. Slaidi zangu zina vidoa vyeusi kila mahali, nashindwa kutofautisha na vimelea.
Hayo ni mashapo ya rangi. Kimelea kina vitu viwili pamoja: kiini chekundu na mwili wa bluu. Kikikosa kimoja, usikihesabu. Chuja Giemsa yako, na pima pH ya maji.

Kipimo cha haraka kimesoma chanya, slaidi hasi. Nimwamini nani?
Muulize mgonjwa kama ametibiwa malaria wiki chache zilizopita. HRP2, protini ya vimelea inayokamatwa na vipimo vingi, hubaki damuni muda mrefu baada ya vimelea kufa. Kinyume chake pia hutokea: Eritrea na Ethiopia kuna vimelea vilivyopoteza jeni ya protini hiyo, kipimo kinasoma hasi mtu akiwa mgonjwa.

Siku ya tatu nimeona gametosaiti (vimelea vya hatua inayoambukiza mbu) peke yake. Dawa imeshindwa?
Hapana. Zile zenye umbo la ndizi huweza kubaki wiki kadhaa baada ya tiba. Hazileti homa, ingawa mbu anaweza kuzichukua. Ziandike kando, usizijumlishe.

Hiyo 8,000 ni kwa kila mtu, daktari?
Ni makadirio. Mgonjwa akiwa na majibu yake ya chembe nyeupe, tumia hayo. Mwenye 5,000, ukikuta vimelea 45 kwa chembe 500, jibu ni 450. Kwa makadirio ungeandika 720.