Mtoto anakataa mboga? Anza kuangalia anachokula saa kumi jioni

Wazazi wenzangu, hii namwandikia yule mwenye mtoto wa mwaka mmoja na nusu mpaka miaka mitano hivi, ambaye akiona kitu cha kijani kwenye sahani analia, anataka wali mweupe, chipsi na biskuti basi, na we umebembeleza mpaka sauti imekauka. Wa kwangu wa pili alikuwa hivyohivyo. Ana miaka mitatu, amekaa mkekani na kisahani chake, anachambua mchicha kwenye wali jani moja moja kwa vidole viwili kama mtu anayetoa mawe kwenye mchele, anayapanga yote pembeni ya sahani, alafu ndo anakula wali. Robo saa nzima yuko na kazi hiyo tu.

Nilibadilisha mapishi weee, haikusaidia, mpaka nilipogundua kwamba mtoto anakuja kwenye chakula ameshashiba. Kwahiyo kabla hujagusa sufuria fanya hivi, siku 3 andika kwenye karatasi kila kitu kinachoingia mdomoni kwake toka anaamka mpaka analala, na dada wa kazi au bibi yake naye aandike, ila mwambie kwa upole asione kama unamkagua. Kwangu ilitoka hivi: asubuhi chai ya maziwa yenye sukari na andazi, saa nne biskuti, saa nane wali kidogo, saa kumi jioni juisi ya boksi na kaukau za dukani kwa Mangi, saa kumi na moja baba yake mdogo kapita kampa pipi, alafu saa moja usiku tunatenga ugali, mchicha na dagaa tunashangaa mbona hali. Atakula na nini jamani, tumbo lenyewe dogo vile.

Na ujue kitu kimoja kitakachokupunguzia presha. Mwaka wa kwanza mtoto anaongezeka sana, akifikisha mwaka uzito wake unakuwa karibu mara 3 ya aliozaliwa nao, baada ya hapo mwendo unapungua, akishavuka miaka 2 anaongeza kama kilo 2 hivi kwa mwaka mzima. Kwahiyo hamu ya kula kupungua umri huo mara nyingi ni kawaida kabisa, sio lazima awe anaumwa.

Sasa ratiba. Milo 3 na vitafunwa mara 2, kwa saa zilezile kila siku, katikati hapo maji tu. Vitafunwa viwe chakula kweli, yaani ndizi, kipande cha parachichi, yai la kuchemsha, kiazi kitamu, maembe msimu wake. Maziwa aliyevuka mwaka mmoja nusu lita kwa siku inamtosha, akinywa lita nzima hatagusa kingine. Chai ya rangi naomba muiache kabisa kwa watoto, inazuia madini ya chuma ya kwenye maharage na mboga yasiingie mwilini, badala yake mpe chungwa pamoja na chakula, lenyewe linasaidia yaingie.

Siku za kwanza atalia sana, na wa kwanza kukata tamaa sio wewe, ni watu wa nyumbani. Mama mkwe wangu alikuwa anamwonea huruma mjukuu wake, anampa biskuti kimyakimya. Nikamfuata jikoni jioni moja nikamwambia, mama, naomba unisaidie, akikuomba kitu mwambie chakula kinaiva, tutakula wote saa moja. Akanijibu, sawa mwanangu, ila ale kweli hiyo saa moja. Toka hapo tukawa timu moja, na bila hivyo nisingefika popote. Kaa na watu wako kwanza.

Kulazimisha acha. Ile ya kumlaza mtoto mapajani na kumziba pua ili ameze uji ni hatari, uji unaweza kuingia kwenye njia ya hewa akapaliwa vibaya, na hata akinusurika anabaki anaogopa kikombe. Pia ile ya "maliza mboga nikupe soda" inamfundisha kuwa mboga ni adhabu na soda ndo zawadi. We kazi yako ni kuamua kinapikwa nini, kinaliwa saa ngapi na wapi, yeye muachie aamue ale kiasi gani. Akisema ameshiba, mshushe, sahani itoke bila maneno, mlo unaofuata hauko mbali.

Mboga yenyewe sasa. Weka kidogo sana, kijiko kimoja cha chai cha mchicha kinatosha, pembeni ya kitu anachokipenda, na usiseme chochote, usimkodolee macho. Watoto wengi wanahitaji kukiona na kukionja kitu mara 10 mpaka 15 ndo wakizoee, sisi tunapika mara 3 tukiona kimekataliwa tunatangaza huyu hali mboga. Usipike mpaka iwe nyeusi. Kitunguu, nyanya, tui la nazi au karanga iliyosagwa, na mafuta kidogo lazima yawepo, maana vitamini A ya kwenye majani na kwenye viazi lishe vile vya rangi ya chungwa inahitaji mafuta ili mwili uipate. Dagaa toa vichwa na matumbo, uchungu unakaa hapo, osha kwa maji ya moto, kaanga wakauke, twanga wawe unga, kijiko kimoja changanya kwenye maharage au mchuzi. Ila usifiche kila kitu, karoti ya kukwangua kwenye maharage sawa, lakini karoti yenyewe aione pia kwenye sahani, vinginevyo atazoeaje?

Mshirikishe. Mpe tembele achume majani atupe kwenye beseni, nusu yataenda chini, hamna shida. Na kaeni mle pamoja, tivii na simu zizimwe, mtoto anaangalia mdomo wako kuliko anavyosikiliza maneno yako. Kama wiki ya sita hivi, wa kwangu alinyoosha mkono kwenye sahani ya baba yake akachukua bamia moja, akaiangalia, akailamba, akairudisha. Baba yake akaendelea kula kama hajaona. Kesho yake akaila.

Uji wa lishe kwa haraka: msijaze nafaka kumi humo, nafaka moja au mbili na karanga au soya iliyokaangwa vizuri kabla ya kusaga inatosha, soya mbichi inasumbua tumbo. Na karanga nzima usimpe mdogo wa chini ya miaka 5, inakaba, saga.

Kama umefanya yote haya na bado unaona uzito kwenye kadi umesimama au unashuka, viganja vimepauka, anachoka haraka, au anakula udongo, usiendelee kuhangaika na mapishi nyumbani, huenda ana upungufu wa damu au minyoo, mpeleke. Angalia pia kama matone ya vitamini A na dawa ya minyoo alipata, zinatolewa kila baada ya miezi 6 mpaka anafikisha miaka 5, wengi tunasahau chanjo zikishaisha. Ukienda beba kadi yake ya kliniki na ile karatasi ya siku 3, umwonyeshe nesi.