Kuiga mwanga ndani ya ngozi kwa MCX: mwongozo wa mafunzo ya siku moja

MCX ni programu huria inayoiga jinsi mwanga unavyopenya, kutawanyika na kufyonzwa ndani ya tishu. Qianqian Fang na David Boas waliitangaza mwaka 2009, na bado inaendelezwa katika Chuo Kikuu cha Northeastern, Boston. Mafunzo yake huharibika pale washiriki wanapopitishwa kwenye kila kipengele cha programu mpaka jioni, wakaondoka bila jibu la swali lolote. Chukueni swali moja. Hili linatosha siku nzima: melanini, yaani rangi asilia ya ngozi, inaufanya nini mwanga wa kipima oksijeni cha kidoleni? Mwaka 2020, utafiti wa Sjoding na wenzake nchini Marekani ulionyesha kwamba vifaa hivyo vilikosa kutambua upungufu wa oksijeni karibu mara tatu zaidi kwa wagonjwa Weusi kuliko kwa Weupe. Darasa la Dodoma au Kisumu halihitaji kuelezwa kwa nini swali hili linalihusu.

Maandalizi

Kwenye kompyuta yenye kadi ya michoro (GPU) ya NVIDIA, andika `pip install pmcx`. Kwa kadi za AMD au Intel, tumia `pmcxcl`, ambayo hufanya kazi kupitia OpenCL, mfumo unaoendesha kadi za kampuni mbalimbali. Asiye na kadi inayofaa afungue Google Colab, huduma ya kuendesha Python mtandaoni, na kuchagua GPU ya T4. Kisha kila mmoja aendeshe `pmcx.gpuinfo()`, au `pmcxcl.gpuinfo()` kwa aliyesakinisha `pmcxcl`. Orodha ikitoka tupu, mara nyingi shida iko kwenye dereva ya kadi, yaani programu inayoiunganisha na kompyuta. Itatueni siku moja kabla, maana ikigundulika asubuhi ya mafunzo itakula nusu ya siku.

Wenye Windows wana mtego wao: kadi inayoendesha pia skrini hukatizwa na mfumo ikishughulika zaidi ya sekunde 2, na uigaji hufa katikati. Ongezeni thamani ya TdrDelay kwenye rejista, au punguzeni fotoni (chembe za mwanga) kwa kila mzunguko.

Jaribio la kwanza liwe mchemraba wa mm 60 kila upande: ufyonzaji 0.005 kwa mm, mtawanyiko 1 kwa mm, g (kadiri mwanga unavyotawanyika kuelekea mbele) 0.01, n (kipeo cha mpindo wa mwanga) 1.37, fotoni 1,000,000. Ukiweka `isreflect=0`, yaani bila kuakisi mwanga mpakani, nishati iliyofyonzwa huwa karibu 17.7%; ukiweka `isreflect=1`, hupanda hadi karibu 27%, kwa sababu mpaka wa tishu na hewa hurudisha sehemu ya mwanga ndani. Anayepata namba ya mbali na hizi asiendelee mbele. Kosa lake ni dogo sasa, na litakuwa kubwa baadaye.

Ngozi ya tabaka mbili

Hapa vipimo ndivyo vinavyoangusha watu wengi. MCX hupokea ufyonzaji na mtawanyiko kwa mm, lakini makala nyingi za fani hii huandika kwa sm. Gawanyeni kwa 10. Mahali pa chanzo na kigunduzi, pamoja na nusu kipenyo cha kigunduzi, huandikwa kwa idadi ya vokseli, yaani vijichemraba vinavyounda tishu ya kuigiza. Vokseli ikiwa ya mm 0.1, nukta iliyo mm 10 kutoka ukingoni ni 100. Angalieni pia kama makala imetoa mtawanyiko uliopunguzwa, yaani mtawanyiko uliozidishwa kwa (1 − g). Ukiwa 2 kwa mm na g yenu ni 0.9, thamani ya kuingiza ni 20.

Tabaka la juu la ngozi tulichukulie kuwa na unene wa mm 0.1, yaani vokseli moja. Kwa vokseli za mm 1 lisingewezekana kuwekwa. Kwa kanuni ya mtafiti Steven Jacques, ufyonzaji wa melanosomu (vifuko vidogo vyenye melanini) ni karibu 27 kwa mm kwenye nm 660, na karibu 8.3 kwenye nm 940, urefu wa mawimbi ya taa mbili za kipima oksijeni. Melanosomu zikijaza 30% ya tabaka hilo, kwenye nm 660 tunapata 8.1 kwa mm. Zikijaza 3%, ni 0.81.

```
import numpy as np, pmcx
vol = np.full((200, 200, 100), 2, dtype='uint8')
vol[:, :, 0] = 1
cfg = {'nphoton': 10000000, 'vol': vol, 'unitinmm': 0.1,
  'prop': np.array([[0, 0, 1, 1], [8.1, 20, 0.9, 1.4],
                    [0.03, 20, 0.9, 1.4]]),
  'srcpos': [100, 100, 0], 'srcdir': [0, 0, 1],
  'issrcfrom0': 1, 'isreflect': 1, 'issavedet': 1,
  'detpos': np.array([[150, 100, 0, 10]]),
  'tstart': 0, 'tend': 5e-9, 'tstep': 5e-9}
res = pmcx.mcxlab(cfg)
```

Kila mstari wa `prop` una ufyonzaji, mtawanyiko, g na n. Wa kwanza ni wa hewa, wa pili ni wa tabaka la juu, na wa tatu ni wa dermisi, yaani tabaka la chini. Wa hewa ukisahaulika, sifa zote husogea tabaka moja. Kigunduzi kikae kwenye mpaka wa nje, kwani kikizikwa ndani ya tishu hakikusanyi kitu. Msipunguze `tstep` bila sababu: ramani ya vokseli milioni 4 huchukua MB 16 kwa kila kipande cha muda, na vipande 50 vinafika MB 800.

Kuhesabu fotoni si kupima mwanga

Badilisheni 8.1 iwe 0.81, muendeshe tena, kisha mhesabu fotoni zilizofika. Idadi itakuwa karibu ileile, na darasa litadhani programu imeharibika. Haijaharibika. MCX haiui fotoni inapofyonzwa. Huipunguzia uzito huku ikiendelea na safari. Uzito huo ndio mwanga, na mnaupata kutokana na urefu wa njia ndani ya kila tabaka:

```
L = res['detp']['ppath'] * 0.1
w = np.exp(-L @ np.array([0.81, 0.03]))
print(w.sum())
```

Kuzidisha kwa 0.1 hugeuza vokseli kuwa mm. Ukikuacha, jibu hutoka dogo kupita kiasi bila onyo lolote. Kazi hii ina faida kubwa kwa darasa lenye kadi moja tu: njia zikishahifadhiwa, mnaweza kujaribu viwango kumi vya melanini bila kurusha fotoni upya. Mtawanyiko au g ikibadilika, ni lazima kurusha upya.

Rudieni na mbegu nyingine ya namba za nasibu, kwa kubadili `seed`. Majumla mawili yakitofautiana sana, ongezeni fotoni, mkikumbuka kwamba kupunguza kelele mara 10 kunadai fotoni mara 100.

Msiishie kwenye kiasi cha mwanga. Kipima oksijeni hulinganisha sehemu ya mwanga inayodunda na mapigo ya moyo na ile isiyodunda, kwa hiyo hasara iliyo sawa kwa fotoni zote hujifuta yenyewe. Isiyojifuta ni ile inayobadilisha njia zinazohesabika. Pigeni `(w * L[:, 1]).sum() / w.sum()`, yaani wastani wa njia ndani ya dermisi, kwa 3% na kwa 30%. Kisha rusheni upya kwa nm 940, mkiweka ufyonzaji na mtawanyiko wa urefu huo wa mawimbi, mlinganishe namba zote nne.