Namna ya kuandika wasifu wa marehemu fundi seremala

Wasifu unaosomwa msibani, iwe Urambo, Sikonge au Nzega mkoani Tabora, mara nyingi huandikwa usiku mmoja. Ndiyo maana nyingi hufanana: alizaliwa, alisoma, alioa, akaugua. Kwa fundi seremala hakuna haja ya kuishia hapo, kwani kazi yake bado imo majumbani mwa watu na inaweza kukaguliwa.

Teueni waandishi wawili tu: kijana mwenye mwandiko unaosomeka, na mtu mzima anayeujua ukoo. Wakizidi, mtabishana hadi alfajiri. Maneno 400 hadi 450 yanatosha. Yakisomwa taratibu ni dakika 4 au 5. Yakirefushwa, waliokaa juani wataanza mazungumzo yao.

Tarehe ndizo zinazosumbua. Cheti cha ubatizo, kitambulisho cha taifa na kumbukumbu ya dada yake vinaweza kutoa miaka mitatu tofauti. Ulizeni kwa matukio: Uhuru wa 1961 ulimkuta amezaliwa? Familia ilipohamia kijiji cha ujamaa miaka ya 1970, alibebwa au alitembea? Vita vya Kagera vya 1978 vilimkuta shuleni au karakana? Jibu likibaki na utata, andikeni “mwishoni mwa miaka ya 1950” na msiongeze siku wala mwezi. Kwenye cheti cha kifo na msalabani au kwenye kibao cha kaburi, fuateni kitambulisho, la sivyo mirathi itawasumbua. Angalieni pia jina la wilaya: Kaliua ilimegwa kutoka Urambo mwaka 2012, kwa hiyo aliyezaliwa huko kabla ya hapo hakuzaliwa katika wilaya ya Kaliua.

Sasa nendeni karakana. Tafuteni daftari la oda, kisha mtume kijana mwenye simu apige picha za kazi alizofanya marehemu: mlango wa zahanati, madawati, mizinga ya nyuki, vitanda vya maharusi. Kwa kila kimoja aulize kilitengenezwa mwaka gani, kwa mbao gani, na kama kimewahi kurudishwa kukazwa. Kwenye mbao muwe makini, maana kila chenye rangi ya kahawia watu hukiita mninga, mbao ngumu yenye thamani. Kwangueni kidogo upande wa chini usioonekana. Rangi ikitoka na ndani pakawa peupe, huenda ni paina, zile mbao zinazoletwa kutoka Mafinga, zikapakwa vanishi. Hakuna aibu kuandika paina. Aibu ni kusoma “mninga” mbele ya mafundi wenzake wanaojua ukweli.

Ulizeni pia alijifunza kwa nani, na nani walijifunza kwake. Wanafunzi wake wanastahili kutajwa kwa majina, hata kama si ndugu.

Maneno “mchapakazi, mcheshi, mpenda watu” yafuteni yote. Hayamwelezi mtu yeyote, maana kila marehemu huitwa hivyo. Badala yake andikeni hivi:

“Alianza kwa kuwarandia wenzake mbao, akilipwa chakula cha mchana. Kitanda chake cha kwanza kuuza kilikuwa cha futi 5 kwa 6, na aliyekinunua bado anakilalia. Hakupenda kuficha kiungo kibovu kwa unga wa mbao na gundi. Alikuwa anavunja na kuanza upya. Jioni aliwaachia watoto vipande vya mbao wachezee, ila patasi hakuna aliyeruhusiwa kuigusa.”

Orodha ya familia ndiyo huleta ugomvi kuliko yote. Kila mama asomewe majina ya wanawe kabla ya kuchapa, pamoja na waliotangulia kufariki na waliozaliwa nje ya ndoa. Idadi ya wajukuu itolewe na kila mtoto mwenyewe. Mkijumlisha kwa kukisia, lazima mmoja asahaulike, na mama yake atalikumbuka hilo miaka mingi. Ugonjwa uandikwe kwa sentensi mbili, na kwa ridhaa ya mjane. Vituko vya watani viacheni kwa watani wenyewe, hawahitaji karatasi.

Msomaji awe mtu asiyelia haraka. Mara nyingi si mtoto wa kwanza.

Karatasi ya oda ambazo hazijakamilika iwe peke yake, wala isisomwe hadharani. Andikeni jina la mteja, kazi, malipo ya awali na kilichobaki. Kwa fundi aliyehudumia wakulima wa tumbaku, wanaolipa masoko yakifunguliwa, madeni yatakuwa ya pande zote mbili. Msibani inatosha kutangaza kwamba mwenye kudai au kudaiwa amwone msemaji wa familia. Mbao zilizoletwa na wateja ziandikwe majina yao kwa chaki siku hiyohiyo, kabla ndugu hawajaanza kugawana randa na misumeno.