Kulia kwa nani? Mielekeo ya mwili kwa wanaoanza uuguzi

Wanangu, kabla ya kufungua kitabu, simameni. Wanafunzi wanaonijia jioni hapa Ngamiani huwapanga uani: wima, uso mbele, mikono imening'inia, viganja vimetazama mbele. Huo ndio mkao wa anatomia. Kila mwelekeo hutajwa kana kwamba mgonjwa amesimama hivyo, hata akiwa amejikunja kitandani.

Viganja msivipuuze. Vikitazama mbele, gumba liko upande wa nje, yaani laterali, na kidole cha mwisho kiko ndani, mediali. Mtu akigeuza mkono, majina hayageuki.

Kulia na kushoto ni vya mgonjwa. Ukimkabili, ini lake liko upande wa mkono wako wa kushoto, nawe unaandika kulia. Picha ya eksirei ya kifua nayo hutazamwa kana kwamba mwenyewe amekukabili.

Superia ni kuelekea kichwani, inferia nyayoni, anteria mbele, posteria nyuma. Hayo huingia upesi. Mediali na laterali ndiyo huwasumbua wengi, kwa sababu wanataka kiungo kiwe na jibu moja. Mediali ni karibu na mstari unaogawa mwili nusu mbili. Laterali ni mbali nao. Jicho ni mediali kwa sikio, lakini ni laterali kwa pua. Basi usilitaje neno hilo bila kusema unalinganisha na nini.

Kwenye mikono na miguu tumia proksimali, yaani karibu, na distali, yaani mbali, ukianzia pale kiungo kinaposhikana na kiwiliwili. Kiwiko ni distali kwa bega, proksimali kwa kiganja. Ukiandika "kidonda kiko juu ya kiwiko" na mgonjwa ameinua mkono, mwenzako wa zamu ya usiku atakitafuta wapi?

Ninayakazania haya kwa ajili ya sindano ya kalio. Robo ya juu kwa nje ndiyo huchaguliwa, ili kuikwepa neva ya siatiki, neva nene inayoshuka mguuni. Mgonjwa akilala kifudifudi, juu ya macho yako ni dari. Juu ya mwili wake ni kiunoni.

Jizoezeni wawili wawili. Mmoja alale kifudifudi. Mwingine, bila kumgusa, agawe kila kalio robo nne kwa kidole hewani na kuzitaja kwa sauti: superia laterali, superia mediali, inferia laterali, inferia mediali. Akikosea moja, aanze upya zote.