Kulinganisha Omu za Spika na Amplifaya ya Gitaa

Kabla ya kubadilisha spika ya amplifaya ya gitaa au kuiongezea boksi la pili, tambua kwanza kama amplifaya ni ya valvu (taa za kioo zinazokuza sauti) au ya transista (vipande vidogo vya kielektroniki vifanyavyo kazi hiyo), kwa kuwa kanuni zake hazifanani.

Amplifaya ya transista huandikwa nyuma kiwango cha chini cha omu (kipimo cha ukinzani wa spika dhidi ya umeme) inachoweza kubeba, kwa mfano 4. Spika ya omu 8 haitaidhuru, ila nguvu itapungua. Ukishuka chini ya kiwango hicho, mkondo huongezeka na transista za mwisho zinaweza kuungua.

Amplifaya ya valvu hupeleka sauti kwenye spika kupitia transfoma, hivyo jumla ya omu za spika inapaswa kuwa sawa na ile iliyoandikwa kwenye tundu au swichi: 4, 8 au 16. Tofauti ya hatua moja, mathalani boksi la omu 8 kwenye tundu la 4, nyingi huivumilia, ingawa sioni sababu ya kuizoea ilhali swichi ipo. Kamwe usiipige bila spika, kwani volteji inayoruka ndani ya transfoma inaweza kutoboa vihami vyake, na transfoma hiyo ni miongoni mwa vipuri vya gharama kubwa zaidi.

Spika zikiungwa kwa mfululizo, yaani moja baada ya nyingine kwenye njia moja ya umeme, jumlisha omu zake. Zikiwa sambamba, yaani kila moja ina njia yake ya umeme kutoka kwenye amplifaya, na omu zake zinalingana, gawanya omu za moja kwa idadi yake. Fender Twin Reverb, amplifaya ya valvu, ina spika mbili za omu 8 zilizoungwa sambamba, ndiyo maana inadai omu 4. Anayeweka mbili za omu 16 kwa sababu ndizo alizopata dukani atafikia 8, yaani maradufu. Spika nne za omu 16, zikiungwa mbili mbili kwa mfululizo kisha jozi hizo zikawekwa sambamba, hurudi kuwa 16.

Maandishi ya spika yakiwa yamefutika, ichomoe na uipime kwa multimita. Kipimo kitakuwa pungufu, takriban 6 hadi 7 kwa spika ya omu 8, kwa kuwa mita husoma ukinzani wa koili peke yake, usidhani imeharibika.

Zima amplifaya kabla ya kuunga, na utumie waya wa spika, si ule mwembamba wa gitaa. Hakikisha pia chanya na hasi hazijapishana katika spika mojawapo, maana omu hazitabadilika lakini besi itapwaya.